Siku ya Kurudisha Ufunguo



Nataka kusema na wanachama wenzangu juu ya jambo la viwanja. Mimi si wakili, wala dalali, wala tajiri. Ni fundi wa reli, na masomo yangu yaliishia darasa la nane katika shule ya msingi ya misheni. Lakini jambo hili limenichoma mkono mara mbili, mara ya kwanza kwa baba yangu na mara ya pili kwa upumbavu wangu mwenyewe. Kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa reli. Tulizaliwa katika nyumba ya kazi, chumba kimoja na jiko, na sisi watoto tulidhani nyumba ile ni yetu. Mwaka 2006 alistaafu. Asubuhi alikwenda ofisini akarudisha ufunguo, akatia sahihi katika kitabu, na kabla ya jua kutua vyombo vyetu vyote vilikuwa juu ya mkokoteni mmoja. Mama aliuliza, "Mzee, sasa twaenda wapi?" Baba hakujibu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Pesa ambazo zingenipeleka sekondari zilikwenda kulipa chumba cha kupanga.

Sina ugomvi na sheria ile. Nyumba ya kazi ni ya kazi, na kazi ikiisha yampasa mtu atoke ili mwingine aingie. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe. Kwa miaka 27 baba alijua siku ile yaja, nasi sote tulijua, wala hatukujiandaa.

Tena baba hakuwa mvivu. Ndani ya sanduku la bati alikuwa na karatasi ya hisa ya kampuni moja ya kununua mashamba, aliyoilipia kidogo kidogo alipokuwa kijana. Wazee wengi wanazijua kampuni hizo. Baada ya Uhuru wa 1963 wafanyakazi walichanga pesa ili wanunue mashamba makubwa ya walowezi, na wako waliofanikiwa kweli na kupata ardhi. Lakini wako wengi waliobaki na karatasi ya hisa tu. Tulipoipeleka ile ya baba tulikuta shamba limekwisha kugawanywa zamani, na jina lake halimo. Alikuwa na risiti zote. Hakuwa na ardhi.

Ndugu zangu, tusifikiri shida hii ni mpya. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na tangu hapo watu wengi wa reli wamekaa katika nyumba zisizo zao. Mji huu haukujengwa kwa nia kwamba mfanyakazi azeekee ndani yake. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilieleza wazi kwamba mshahara ulikuwa ukihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia, ikashauri uhesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Mawazo yale ya zamani yalikuwa kwamba mfanyakazi ana shamba kijijini, na akichoka atarudi huko. Leo wengi wetu hatuna shamba la kurudia. Baba zetu walizaa watoto wengi, na ekari hazikuzaa.

Basi, je, mtu wa mshahara mdogo aweza kuanza kununua kiwanja? Mimi nasema aweza, lakini si kwa njia wanayotufundisha madalali. Maana yangu yote leo ni hii moja: mfanyakazi asitoe hata senti moja kabla ya kuona karatasi, wala asiende peke yake kuitafuta karatasi hiyo.

Nitawaambieni yaliyonipata. Mwaka 2018 kampuni moja ya viwanja ilikuja karibu na lango letu la kazi siku ya mshahara. Jumapili ikatupeleka kwa basi upande wa barabara ya Kangundo, tukapewa soda, tukaonyeshwa mawe yaliyopakwa chokaa. Tukaambiwa bei ile ni ya siku ile tu. Nikakopa katika Sacco, nikalipa shilingi 240,000. Nilipewa cheti kizuri chenye muhuri na utepe, nikakitia katika fremu na kukitundika ukutani. Baada ya miaka miwili nilipokwenda ofisi ya ardhi mwenyewe, niliambiwa kwamba hati ya shamba zima, ile waiitayo hati mama, iko bado katika jina la mtu mwingine kabisa, tena imewekwa rehani benki. Kampuni ilikuwa imekwisha kuhama. Deni la Sacco nililipa miezi 36 kwa ardhi ambayo sikupanda hata punje ya mahindi. Cheti kile bado kiko ukutani. Mke wangu alitaka kukichoma, nikamwambia akiache kinifundishe.

Sasa nieleze mambo niliyojifunza, na ambayo nimeyauliza kwa watu wanaojua.

La kwanza ni pesa. Usianze na kiwanja, anza na akiba. Sacco nyingi humkopesha mwanachama mpaka mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo mwenye akiba ya shilingi 100,000 aweza kupata 300,000. Tuchukue mfano wa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kwa miezi 36. Mwezi wa kwanza utalipa 11,333, na kila mwezi kiasi hicho kitapungua. Riba yote mpaka mwisho ni 55,500. Lakini mkopeshaji wa mtaani akikuambia asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni lote la mwanzo, hiyo ni 9,000 kila mwezi, na kwa miezi 36 riba peke yake ni 324,000, kuliko hata deni lenyewe! Maneno "asilimia 3" yaonekana madogo mdomoni. Chukueni kalamu.

Tena kumbukeni Sheria ya Kazi ya 2007. Makato yote ya mshahara hayapasi kuzidi theluthi mbili. Theluthi moja lazima ifike nyumbani. Sheria hiyo haikuandikwa kutunyima kiwanja, iliandikwa ili watoto wale. Mwenye kukatwa mpaka theluthi ya mwisho kwa ajili ya ploti, akiugua mtoto mmoja tu, ataiuza ploti ile kwa nusu ya bei. Sisi tuliosoma misheni twaujua mfano wa mtu aliyeanza kujenga mnara kabla ya kuketi na kuhesabu gharama. Watu walimcheka.

La pili ni karatasi. Mwambie muuzaji akupe nakala ya hati na ya kitambulisho chake. Kisha nenda mwenyewe katika ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ule watu wauitao sachi. Usimtume dalali. Hapo utaona mwenye ardhi ni nani, ukubwa wake, kama ina rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Tangu Aprili 2021 serikali ilianza kuingiza rekodi katika mtandao wa Ardhisasa, ikaanzia Nairobi. Jina la hati na jina la kitambulisho lazima yawe mamoja. Muuzaji akisema ardhi ni ya marehemu baba yake, usikubali maneno ya "sisi ndugu tumekubaliana." Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha msimamizi wa mirathi. Na kama muuzaji ana mke, uliza mke yuko wapi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yakataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Kuna watu waliolipa pesa, na siku ya kujenga wakamkuta mama wa nyumba amesimama na jembe.

Tena usiridhike na hati kuwa nzuri. Uliza ilitoka wapi. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja kimoja cha pwani huko Nyali, Mombasa. Kampuni iliyokuwa nacho ilikinunua kwa mwenye hati, tena baada ya kuangalia rekodi. Lakini mahakama ikaona kwamba ardhi ile ilikuwa ya umma, nayo iligawiwa mara ya kwanza bila kufuata sheria, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa baadaye hawezi kulindwa, hata kama yeye hakufanya hila yoyote. Ikiwa kampuni yenye mawakili ilipoteza, mimi na wewe ni nani? Na mnamo Oktoba 2023 tuliona Mavoko jinsi nyumba zilivyobomolewa juu ya ardhi ambayo mahakama ilikuwa imesema ni ya kampuni ya saruji. Wengi wa waliobomolewa walisema walinunua. Walikuwa na makaratasi, kama baba yangu.

La tatu ni ardhi yenyewe. Mwite mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni na alinganishe na ramani ya serikali. Uliza majirani, maana jirani ajua kesi ambayo haijafika mahakamani. Usiende Jumapili kwa basi la muuzaji. Nenda siku ya kazi kwa matatu, tena mwezi wa Aprili mvua inaponyesha, ndipo utajua kama umenunua kiwanja au bwawa. Pima mwenyewe kwa hatua. Watu huuziwa "robo ya nusu ekari" au "eitthi", yaani sehemu moja ya nane ya ekari, na wakifika wakuta futi 50 kwa 100. Hiyo ni futi 5,000 za mraba. Sehemu ya nane ya ekari ni futi 5,445. Futi 445 zilizopungua zatosha chumba na choo.

La nne ni kuandikishana. Mapatano ya ardhi lazima yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi. Maneno ya mdomo juu ya ardhi ni upepo. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji, maana mtu mmoja hawezi kushika kamba pande zote mbili. Kama ardhi ni ya kilimo, yahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi kwa sheria ya 1967. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano, na bila kibali mapatano huwa batili. Pesa zipite benki, zisipite mkononi chini ya mti. Weka akiba ya ushuru wa stempu pia, asilimia 4 ya thamani katika miji na asilimia 2 mashambani. Wengi huhesabu bei ya kiwanja tu, kisha hukaa miaka bila kuhamisha jina kwa kukosa pesa za ushuru. Na siku ile jina lako litakapoandikwa katika rekodi ya serikali, siku hiyo ndipo useme "nimenunua". Kabla ya hapo umelipa tu.

La tano, kiwanja kitupu hakileti chakula. Madalali husema bei ya ardhi hupanda siku zote. Yaweza kupanda, lakini bei ya karatasini hailipi karo. Tufanye hesabu ya mfano. Ukijenga chumba kimoja kwa 180,000, ukakikodisha kwa 3,000 kwa mwezi, kikakaa kitupu miezi miwili kwa mwaka, utapata 30,000 kwa mwaka. Yaani miaka sita kurudisha pesa ya chumba, kabla ya kuhesabu ardhi, mabati yaliyong'oka na choo kilichojaa. Si mali ya haraka. Ni mali ya mtu mvumilivu. Na vyumba vikizidi, kuna serikali pia: tangu Januari 2024 mwenye kupata kodi ya nyumba za kukaa kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: jenga kwanza chumba utakachoweza kulala wewe mwenyewe siku ya kurudisha ufunguo. Cha kukodisha kitafuata.

Sasa nawajibu wenzangu wanaonipinga kule karakana.

Wako wasemao, "Kazi ya chama ni kupigania mshahara, mambo ya viwanja ni ya mtu na nyumba yake." Nakubali nusu. Mshahara ndio mama. Mtu asiyebakiwa na kitu hawezi kuweka akiba, hata ukimhubiria mpaka jioni. Wala mwajiri asituambie, "Nunueni viwanja," ili akwepe kulipa posho ya nyumba. Lakini chama kilichotulinda miaka thelathini langoni kikituacha siku ya mwisho mikononi mwa matapeli, tumelindwa nini? Nyongeza tuliyoigomea mwaka mzima mtu mmoja mwenye basi na soda huichukua Jumapili moja.

Wako pia wasemao, "Mfanyakazi akiwa na vyumba vya kupangisha, atakuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni adui wa mfanyakazi." Neno hili lina uzito, nami nimelifikiria usiku. Nimepanga tangu utoto, nami najua mlango kufungwa kwa kufuli tarehe 6. Jibu langu ni kwamba chumba si dhambi, dhambi ni jinsi ya kukiendesha. Mwanachama mwenye vyumba viwili na atoe risiti, aweke maji na choo kinachofaa, asipandishe kodi kila mshahara unapopanda, wala asing'oe mlango wa mwenzake aliyeugua. Asiyeweza kufanya hivyo asijiite ndugu katika mikutano yetu.

Mwisho nina pendekezo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kila tawi na lichague watu watatu waaminifu, wanaosoma vizuri, wawe kamati ya upekuzi. Mwanachama anayetaka kiwanja awaletee nakala ya hati kabla ya kulipa. Mmoja aende naye ofisi ya ardhi, mwingine aende naye kuona mahali penyewe na kusema na majirani. Kamati isishike pesa za mtu hata senti moja, isiuze kiwanja, wala isipokee chochote kutoka kwa dalali. Ikianza kushika pesa, itageuka kampuni kama zile zilizomla baba yangu. Kazi yake ni macho tu. Na iwe na daftari. Kila ardhi iliyoonekana ina rehani, au zuio, au mwenye kudai, iandikwe humo, ili mwanachama wa kesho asiungue pale pale alipoungua wa jana. Watapeli hutukuta mmoja mmoja. Tukienda wawili wawili kazi yao itakuwa ngumu.

Najua vijana watasema wakati bado. Mimi nawaambia mwenye miaka 25 ndiye hasa ninayemwandikia, kwa sababu ana wakati wa kuweka akiba polepole na kukataa kiwanja kibaya. Mwenye miaka 55 hana wakati wa kukataa, na wauzaji wanalijua hilo.

Mimi sasa ninaweka akiba upya. Nimekataa viwanja vitatu mwaka huu, kimoja kwa sababu ya rehani, kimoja kwa sababu muuzaji alikuwa na ndugu wanne mahakamani, na kimoja kwa sababu nilikwenda wakati wa mvua. Sikuona aibu kurudi mikono mitupu. Pesa zangu bado ziko Sacco.

Baba yangu ni mzee sasa, bado anapanga. Ufunguo ule wa reli alirudisha, lakini kipete alichokuwa akiufungia hakukirudisha, kilikuwa chake. Anacho mpaka leo, hakina ufunguo. Nataka siku moja nikitie wa kwake.

Wenu katika chama,
Fundi wa Karakana, Nairobi.